Mikono Kwanza, Mwanga Baadaye

Daktari wetu wa upasuaji ana miguu mikubwa, na mabuti meupe ya mpira yanayomtosha tuliyapata kwa kuhangaika. Naanza na mabuti kwa sababu watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kurekebisha mashine ya leza, hudhani nashinda nikipiga hesabu za mwanga. Hesabu hizo walizimaliza wale walioiunda mashine huko ng'ambo, na walizifanya vizuri. Ambacho hawakukifanya ni kumfikiria mtu aliyevaa mabuti.

Pedeli ya mashine ile ilikuwa nyembamba na laini, ya kukanyagwa na mguu wenye kiatu chepesi. Sisi huku tunavaa mabuti chumba cha upasuaji, maana maji ya kusafishia kibofu humwagika sakafuni na hakuna anayetaka kwenda nayo nyumbani. Ukiwa ndani ya buti, hujui kama umekanyaga pedeli, waya au mguu wa mwenzako. Nililiona hilo siku mashine ilipofika hospitali yetu ya Same, zawadi kutoka hospitali ya mbali iliyokuwa imenunua mpya. Nikasema. Nikaambiwa watu watazoea.

Siku ya ajali mgonjwa hakudhurika, na hilo nalisema mapema ili usikae roho juu. Daktari alikuwa amesitisha kazi kidogo ili uzi wa kioo usafishwe. Uzi huo, mwembamba kuliko waya wa breki ya baiskeli, ndio unaopitisha mwanga kutoka kwenye mashine hadi ndani ya mwili. Nesi aliuchomoa, akawa anafuta ncha yake kwa kipande cha bandeji. Daktari akauliza, "Tayari?" Nesi akajibu, "Tayari, daktari." Buti likashuka. Bandeji ikawaka mkononi mwa nesi.

Mimi nilikuwa pembeni ya mashine, maana mimi ndiye fundi wa vifaa tiba wa hospitali hiyo. Niliizima. Nesi alitia kidole kwenye beseni la maji, akasema, "Samahani, daktari," kana kwamba yeye ndiye aliyemuunguza mtu. Hilo neno samahani lilinichoma kuliko moshi wa ile bandeji. Nilipandwa na hasira, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, niliikasirikia pedeli.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, akaamuru mashine ifungiwe stoo. Nisingeweza kumlaumu. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri waliambiwa wakatafute huduma kwingine, wengine wakaenda, wengine wakarudi makwao.

Wiki hiyohiyo mama akanipigia simu. Kwetu ni juu milimani, Upare wa Kusini, kwenye migomba na tangawizi, na mtandao wa kule unataka usimame kwenye ukuta wa kanisa. Mama alinisalimia kwa kirefu, akauliza mvua ya Same kana kwamba hajui Same hakuna mvua. Nikajua kuna jambo.

"Baba yako ana shida," akasema.

"Shida gani?"

"Ya wanaume."

Kwetu binti hazungumzi na baba yake habari za chini ya mkanda, na hata kupitia kwa mama, maneno hupunguzwa mpaka yabaki mawili matatu. Kwa kuuliza kidogokidogo nilielewa kwamba tezi dume ilikuwa imemziba mkojo, kwamba zahanati ilimwekea mpira, na kwamba sasa alikuwa akivaa koti refu juani ili mfuko wa mkojo usionekane. Jambo lililonikata maini ni la mwisho. Baba yangu anaimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, kwenye kwaya ya usharika tangu sijazaliwa. Alikuwa ameacha kwenda kanisani.

Baba ana ugonjwa wa moyo na anameza dawa za kulainisha damu. Mtu wa namna hiyo ukimpasua kwa kisu, damu haisimami upesi. Kwa leza, mwanga unakata na kuziba palepale. Mashine nyingine zipo, lakini mbali, na mama alinieleza jibu la baba lilivyokuwa: kama mtoto wake anatunza mashine hiyo Same, kwa nini yeye apelekwe kuvuliwa nguo kwa watu wa mbali? Asipotibiwa Same, basi atakaa na mpira wake hadi siku ya kuzikwa. Namfahamu baba. Hakuwa anatania.

Nikaenda kwa mganga mfawidhi. Nikamwambia naomba ufunguo wa stoo nikaitengeneze mashine.

"Utengeneze nini? Haijaharibika," akasema.

"Ndilo tatizo lenyewe."

Akaniwekea masharti: nisiguse mgonjwa yeyote, nisifungue tumbo la mashine, na chochote nitakachoongeza kipelekwe kwanza kwa wanaoruhusu vifaa tiba. Nilikubali yote. Hata angeniambia niifanyie kazi nikiwa nimefumba macho ningekubali.

Wa kwanza kuja karakana alikuwa yule nesi, kidole kimefungwa. Ni mtu wa Kighare, Ugweno, kule Upare wa Kaskazini, mwenye ulimi mwepesi ukiwa naye nje ya chumba cha upasuaji. Nikamuuliza kilichonikaa kooni.

"Kwa nini ulisema tayari?"

"Si aliniuliza."

"Lakini hukuwa tayari."

"Dada, hebu tuseme ukweli," akasema. "Mtu mzima akikuuliza kama uko tayari, wewe wa kwenu huko Usangi au sijui wapi..."

"Kwetu si Usangi."

"Popote pale. Utamwambia ngoja kwanza, mimi nafuta?"

Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ameniambia ukweli mtupu. Tumelelewa hivyo milima yote hii, kusini na kaskazini. Mkubwa haambiwi ngoja. Anaambiwa ndiyo, halafu wewe unakimbizana na ile ndiyo yako mpaka uikute. Shambani haidhuru. Mbele ya leza ni kidole.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kitufe. Nesi angekishika mkononi, na mwanga usingetoka hadi akibonyeze. Nilijiona nimemaliza kazi. Tulifanya mazoezi bila mgonjwa, mashine imezimwa, taa ndogo ya kijani ikionyesha kwamba kitufe kimebonyezwa. Daktari alipoinua tu buti ili akanyage, taa ikawaka.

"Mbona umebonyeza na uzi bado umeushika?" akauliza daktari.

"Nilikuona umeinua mguu, daktari."

Daktari alivua miwani, akajifuta uso. "Kwa hiyo nisiulize, nisiinue mguu, nifanye nini sasa? Nisimame kama nguzo?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa mtu aliyegundua kwamba heshima anayopewa ina hatari ndani yake, na hajui airudishe wapi. Akaniachia buti lake moja nikapimie pedeli, akaondoka amevaa kandambili.

Mwisho wa juma nikapanda nyumbani. Baba alikuwa amekaa barazani na lile koti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukaongea habari za tangawizi, za barabara iliyokatika, za mbuzi wa jirani. Tuliongea kila kitu duniani isipokuwa kile kilichonileta. Kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa mfunguzi wa ndiva yetu, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya mto usiku ili asubuhi yagawiwe mashambani kwa zamu. Sasa kazi hiyo anayo mtu mwingine, na baba hajamsamehe.

Asubuhi tukasikia sauti ya mfunguzi mpya ikitoka kule juu, akiuliza kama maji yaje. Kutoka chini wakaitikia yaje. Baba akatikisa kichwa.

"Wanaulizana kwa mdomo," akasema. "Atakuja kumvunja mtu mkono."

Nilikumbuka alivyokuwa akifanya yeye. Kabla ya maji kufunguliwa, watu huwa wameinama mferejini wakitoa matope na mawe kwa mikono, hasa pale mfereji unapopita chini ya mwamba, ambapo mkono huzama hadi begani. Baba alipiga mbiu moja: Nani yuko mferejini? Kisha hakutaka jibu. Aliyejibu kwa mdomo alitukanwa. Kila mtu alipaswa kusimama wima na kuinua jembe juu kwa mikono miwili, na baba kule kwenye ukingo alitazama hadi aone majembe yote ndipo avute kigogo kilichoziba tundu la ndiva. Nilikuwa nikidhani ni ukali wake tu.

"Kwa nini hukutaka wajibu?" nikamuuliza.

"Kwa sababu nilikuwa mkubwa wao. Wangejibu fungua hata mkono ukiwa ndani." Akakaa vizuri kwenye kiti, akilivuta koti. "Mtu usimuulize. Tazama mikono yake iko wapi."

Niliteremka Same siku hiyohiyo, mapema kuliko nilivyomuahidi mama. Ndani ya basi nilichora nyuma ya mfuko wa karatasi wa maandazi, na hadi kufika stendi nilikuwa najua la kufanya. Nisimuulize nesi kitu. Niuulize uzi uko mkononi mwa nani.

Niliutengenezea uzi mshikio wa kukamatwa kwa kiganja kizima, mahali pa ule utepe mwembamba uliokuja nao. Mshikio huo unakaa sawasawa kwenye tundu la darubini ambayo daktari huingiza kwa mgonjwa. Ukikaa mahali pake, sumaku ndogo inaifunga swichi, ya aina ile wanayoweka kwenye milango ya maduka ili kengele ilie mwizi akifungua. Nesi akiuchomoa kwa ajili ya kuufuta, swichi inaachia, na mashine inakata mwanga yenyewe. Hata daktari aikanyage pedeli kwa mabuti mawili, hapatoki kitu. Sikuhitaji kufungua mashine, kwa sababu nyuma yake tayari ina tundu la kuunganisha swichi ya mlango, ya kukata mwanga mtu akiingia chumbani, ambalo hatukuwahi kulitumia.

Mshikio wa kwanza niliuchonga kwa mti wa mpera. Ulipendeza lakini ubao haulowekwi kwenye dawa ya kuua vijidudu ukabaki salama. Basi nikamwendea fundi wa meno ya bandia, jirani yetu wa karakana, akaumimina kwa ile plastiki anayotengenezea fizi. Alikuwa na rangi moja tu. Kwa hiyo kifaa changu cha kwanza cha upasuaji kilitoka na rangi ya fizi za mtu mwenye afya, na nesi alipokiona alikishika mbali na uso wake, akauliza meno yako wapi.

Pedeli niliipeleka Hedaru, kwa fundi wa kuchomelea anayerekebisha malori kando ya barabara kuu. Nilimpa buti la daktari na kumwambia nataka kibanda cha bati gumu juu ya pedeli, buti liingie kwa kukusudia, lisiingie kwa bahati mbaya. Alicheka kwanza. Kisha akaacha lori la mtu likisubiri, akapima, akakata, akapima tena. Aliongeza na jambo ambalo sikulifikiria: ukingo mzito kwa chini ili pedeli isitambae kwenye maji. Nilimshukuru kwa moyo.

Tulijaribu kwa nyama ya ng'ombe ndani ya beseni la maji, wote tumevaa miwani ya kinga tuliyoifunga kwa mpira ili isiteleze kwa jasho. Mshikio ndani, mwanga. Mshikio nje, kimya. Daktari aliomba kuikanyaga pedeli kwa nguvu huku nesi ameushika uzi mkononi, nesi akakataa, kisha akakubali. Daktari aliikanyaga. Hakikutokea kitu. Nesi alibaki amefumba macho hata baada ya sisi kufumbua yetu. Tukaandaa maelezo na picha, tukayapeleka kwa wanaohusika, wakatuma watu, wakauliza maswali magumu, wakaturudisha nyuma kwa jambo moja la waya, tukalirekebisha. Mwishowe ruhusa ikaja, na mashine ikatoka stoo.

Nikampigia mama. Nilikuwa nimejawa na furaha hata nikasahau kumsalimia. Nikamwambia baba aje, nitakuwa palepale kando ya mashine mwanzo hadi mwisho.

Nikamsikia mama anaongea na mtu, mkono ukiwa juu ya simu. Akarudi.

"Baba yako anasema atakuja siku ambayo wewe hutakuwemo."

"Mama, mimi ndiye ninayeijua mashine."

"Ameshasema. Binti hawezi kusimama hapo."

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata. Niliumia, sifichi. Nilikuwa nimekwenda mbio zote hizo kwa ajili yake, na sasa ananifungia mlango. Nilipiga meza ya karakana, nikavunja glasi. Halafu, nikifagia vile vipande, nikaanza kuona kwamba ameniambia jambo ambalo hata wakaguzi hawakuniambia. Kifaa kinachohitaji mimi nisimame kando yake hakijakamilika. Nitaugua, nitahamishwa, nitakufa. Kama baba hawezi kutibiwa bila mimi kuwemo, basi ni kifaa changu, si cha hospitali.

Nikaanza upya, nikakaza buti kwelikweli. Waya zote zilizofanana nilizipa maumbo tofauti kwenye ncha, hata mtu mwenye glovu na miwani yenye ukungu asiweze kukosea. Nilitoa vibandiko vya maandishi nilivyokuwa nimebandika kila mahali, kwa sababu kila kibandiko kilikuwa ni mimi nikiongea. Penye mtu kusita, nilirekebisha kifaa, sikumrekebisha mtu. Kisha nikaanza kutoka nje. Wanafanya mazoezi, mimi niko kwenye benchi la korido, na sheria ni kwamba hakuna kuniita. Siku za mwanzo waliniita. Nilikataa kuingia, nao wakaninunia. Nesi wa Kighare alininunia kuliko wote, halafu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiunganisha mashine yote peke yake huku akiwasimulia wenzake habari za harusi. Wakati wa chai nilimweleza ilikotoka fikra yote hiyo: ndiva, mbiu ya baba, majembe juu. Alisikiliza kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Siku ya baba niliamka nikiwa nimechoka. Aliletwa asubuhi na mama, koti lile lile. Nilimwamkia kwenye korido, akaitikia, akatazama ukuta. Wakamwingiza. Mlango ukafungwa kama nilivyoelekeza mwenyewe, na juu yake tundu la hewa likazibwa kwa kitambaa cheusi. Kitambaa huzuia mwanga, lakini sauti inapita.

Nikakaa kwenye benchi na mama. Wagonjwa wa aina hii hupigwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo huwa macho, na wanasikia kila neno. Nilisikia maji yakianza kukimbia. Nilisikia nesi akiunganisha, kila ncha ikiingia kwa mlio wake, na niliijua kila moja. Moja ilichelewa. Nikainuka. Mama akanishika kitenge akanikalisha. Ile ncha ikaingia.

Kisha daktari akasema, "Mzee, sasa tunaanza."

Na sauti ya baba, ile ya nne, ikatoka ndani bila kutetemeka. "Nani yuko mferejini?"

Hakuna aliyejibu. Nilisubiri nesi aseme kitu, yeye mwenye maneno siku zote, lakini ndani palikuwa kimya, maji tu. Kimya kile kikaendelea hadi nikafikiri hawakumwelewa, wamemwona mzee anaweweseka kwa dawa.

"Nimeona," akasema baba. "Haya, fungua."

Mashine ikaanza kutoa ule mlio wake mdogo wa haraka wa kugongagonga. Nilifunika uso kwa mikono, nikalia, na mama akaniacha nilie.

Hatujawahi kuongea habari hiyo, baba na mimi, wala hatutaongea. Jumapili moja baadaye mama alinipigia kutoka kwenye ukuta wa kanisa. Aliniambia wameimba vizuri, kwamba baba alisimama hadi mwisho, na kwamba lile koti amempa jirani mwenye mbuzi. Akakohoa kidogo.

"Baba yako anauliza," akasema, "yule nesi aliyeinua mikono, nani alimfundisha?"

"Mwambie ni yeye mwenyewe baba."

Mama hakumwambia mtu kitu. Nikasikia upepo, na mtu akivuta pumzi karibu sana na simu.

"Amesikia," akasema mama. "Nilikuwa nimeweka spika."